Sahani ya Wote, Pakiti ya Mmoja

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa kijiti. Hakikuwa cha kuchapia mtu wala cha kuchungia mbuzi. Kilikuwa kirefu kunipita, kimechongwa vizuri, kina mistari ya rangi kutoka chini mpaka juu. Titulaire wa Nyangwe, ndiye muuguzi mkubwa wa kituo cha afya, alikiegemeza ukutani, akanisimamisha kando yake kama mwanafunzi anayengoja adhabu, akasema:

"Angalia. Kichwa cha mutu kikifika hapa, kidonge kimoja. Hapa, viwili. Akipita mustari wa juu kabisa, vine. Hutauliza dini yake, hutauliza baba yake ni nani, hutauliza kama aligombana na weye juu ya shamba. Kichwa kimefika wapi, basi."

Nilikuwa mkulima wa mpunga. Nilisoma madarasa machache ya sekondari, kisha masomo yakaishia hapo. Kijiji kilinichagua kuwa reko. Ninyi mnaoanza sasa mnalijua neno hilo, lakini kwa asiyejua: reko ni mtu wa kijiji anayekisaidia kituo cha afya, anapita nyumba kwa nyumba, anaita akina mama siku ya chanjo, anajua nani anaumwa na nani anajificha. Kwa nini walinichagua mimi, sijui. Mke wangu alisema ni kwa sababu sijui kusema hapana. Inawezekana.

Vidonge vilikuwa vya upofu wa mto. Ugonjwa huu unaletwa na inzi mdogo mweusi anayekaa karibu na maji yanayokwenda mbio. Anauma, ngozi inawasha miaka na miaka, mwisho macho yanazimika. Kule kwetu kando ya mto Lualaba tulizoea kuona mzee anaongozwa kwa fimbo na mjukuu, tukadhani uzee ndio unafanya hivyo. Dawa ilitolewa kwa watu wote, wagonjwa na wazima, mara moja kwa mwaka. Waliobaki nje ni wenye mimba, watoto wadogo sana na waliolala hoi.

Asubuhi hiyo alifika kapita, mkuu wa kijiji, pamoja na mke wake. Kapita wetu alikuwa mfupi. Mke wake alikuwa mrefu mpaka akiingia nyumbani anainamisha kichwa. Nilimpima kapita, nikahesabu vidonge vitatu. Nikampima mama, nikahesabu vinne.

Kapita aliangalia kiganja chake, akaangalia cha mke wake.

"Weye mutoto wa nani?" aliniuliza, na alikuwa anamjua baba yangu tangu wakiwa watoto. "Miye kapita napata vitatu. Huyu ambaye nilimutolea mbuzi anapata vine?"

"Kijiti njo kinasema, Baba," nilijibu. Njo ni ndiyo ya kwetu.

"Kijiti kimesoma wapi?"

Mke wake alikuwa ameshameza vyake. "Panda juu ya jiwe, mume wangu," alisema, "upate na weye vya wakubwa."

Watu walicheka mpaka wavuvi waliokuwa wakishona nyavu chini mtoni wakapanda kuuliza kuna nini. Titulaire hakucheka. Yeye hakuwa mtu wa kucheka. Alisema tu: "Kapita, hapa tunapima mwili. Heshima yako iko salama, hakuna mutu ameigusa."

Kapita alimeza. Kisha, jambo ambalo nilimpendea mpaka alipofariki, alivuta kiti akakaa karibu na kijiti siku nzima kuona nani atatokea mfupi kumshinda. Akatokea fundi baiskeli mmoja, akapewa viwili. Kapita alisimama, akamsalimia kwa mikono miwili.

Kuanzia siku hiyo niliitwa Papa Kijiti. Na kuanzia siku hiyo nina swali ambalo sijalimaliza. Vitatu na vinne si sawa, lakini ilikuwa sawa. Kama ningempa kila mtu viwili, ningekuwa nimewapunja warefu na kuwazidishia watoto. Kwa hiyo kutoa kwa wote si kutoa namna moja. Hilo nililielewa mapema. Sehemu nyingine ya swali ilinifuata mpaka Kabambare, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Baadaye niliitwa Kasongo mjini, nikafanywa animatere, yaani mtu wa kuzunguka na kuwafundisha mareko wengine. Ulikuwa wakati wa vyandarua. Mwanzoni vyandarua vilikuwa vya wenye mimba na wenye watoto wadogo tu, maana malaria inawaangusha hao kwanza. Superviza wetu, kijana ambaye viatu vyake havikushika vumbi hata kiangazi, alitufundisha neno la kusema mlangoni: "Tunaanza na walio kwenye hatari kubwa." Ni neno zuri, na la kweli. Nilikwenda nalo mpaka kwa bibi mmoja nyuma ya soko, nikampa chandarua mke wa mtoto wake, aliyekuwa na mimba kubwa.

"Na miye?" bibi aliuliza.

"Bibi, tunaanza na walio kwenye hatari kubwa."

"Nimesikia. Sasa ile mubu yangu miye, nimupeleke wapi? Ao nimuambie angojee?"

Nikaaga. Juma lililofuata nilirudi kukagua. Chandarua kilikuwa kimefungwa vizuri kabisa, na ndani yake alikuwa amelala bibi. Mwenye mimba alikuwa kwenye mkeka, nje ya chandarua. Nilipomtazama aliinua mabega. "Papa," alisema, "miye nilale ndani, mama mukwe alale inje? Unataka nirudishwe kwetu?"

Superviza alipopata habari alikasirika, akasema watu hawa hawaelewi. Mimi nilidhani wanaelewa sana, ila wanaelewa jambo lingine. Lakini sikusema, maana yeye alisoma na pengine mimi ndiye nilikuwa sielewi.

Kisha ilifika kampeni kubwa, chandarua kwa kila nyumba, kwa kuhesabu watu wanaolala humo. Bibi akapata chake, mkwe akalala ndani ya chake, nyumba ikatulia. Nilifurahi, nikafikiri basi jibu ni hilo, toa kwa wote. Lakini lazima niseme yote. Mfanyabiashara mmoja mwenye nyumba ya madirisha ya wavu alipata vyake, akafunikia vifaranga. Na mwisho kabisa wa avenue yetu, mtaa tuliopewa kugawia, kule bondeni kwenye maji yaliyosimama, vyandarua vilikwisha kabla ya kufika. Waliokosa ndio walioumwa na mbu zaidi ya wote. Kutoa kwa wote kulikuwa kumeishia njiani, na kuliishia kwa wale wale ambao siku zote vitu vinaishia kabla yao.

Kutoka hapo nilitumwa Wamaza, katika territoire, yaani wilaya, ya Kabambare. Unakwenda kwa pikipiki mpaka dereva akwambie shuka, kisha mnasukuma pamoja, kisha unatembea. Titulaire wa huko alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Kwa kijiti changu angepata vidonge vitatu kama kapita. Alinipokea akaniambia: "Papa Kijiti, hapa acha kijiti chako. Hapa tunapima mikono."

Kazi ilikuwa ya watoto waliokonda. Kuna mkanda mwembamba unaouzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, unauvuta polepole, na rangi inatokea kwenye kidirisha. Kijani, mtoto mzima. Njano, jihadhari. Nyekundu, mtoto yuko hatarini, anaweza kutuacha. Mwenye nyekundu anapewa pakiti za chakula laini cha karanga, maziwa na mafuta, ambacho kwa kweli ni dawa. Mwenye kijani hapewi kitu, na hilo lilikuwa na sababu, maana pakiti zilikuwa chache na watoto wekundu walikuwa wengi, siyo Wamaza tu.

Mama Sifa alileta mapacha wake, wanono kama mitungi. Nilizungusha mkanda. Kijani, na kijani.

"Kaza kidogo," alisema.

"Nikikaza nadanganya."

"Danganya. Mungu atakusamehe, yeye njo aliniumbia watoto wenye mikono minene." Kisha aligeukia foleni, maana alikuwa mtu wa kuongea na foleni nzima. "Munaona, wamama? Miye nalima, natwanga, nalisha, sipate kitu. Anayeshindwa njo anapewa karanga tamu. Kesho nafungia hawa chakula, juma lingine wote wekundu, nakuja na kitunga."

"Usitanie hivyo, Mama Sifa," alisema Titulaire.

"Nani anatania?"

Alikuwa anatania. Nilimwona usoni. Lakini ndani ya utani wake kulikuwa na jiwe, na kila mama kwenye foleni alilisikia likianguka. Mama Riziki alilisikia kuliko wote. Alikuwa mama mdogo, mume wake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu na habari zake hazikurudi. Mtoto wake Riziki, msichana aliyekuwa ameanza kutembea kisha akaacha, mkanda wake ulitokea mwekundu kama mawese. Mama yake alipokea pakiti, akazificha chini ya kitenge, akaondoka akipitia nyuma ya kituo.

Juma lililofuata Riziki hakuongezeka uzito. Lililofuata tena, hakuongezeka. Juma la tatu alipungua, na sasa alikuwa hainui kichwa vizuri kutoka begani kwa mama yake.

Titulaire alimwita mama ndani. "Mama, niambie ukweli. Unauza?"

"Apana, Mama Titulaire."

"Unakula weye?"

"Hata kulamba, apana."

Alisema kweli. Nilijua kwa sababu asubuhi iliyofuata nilikwenda nyumbani kwao, nikaona. Ua ule ulikuwa wa nyumba kadhaa, ndugu na majirani pamoja, na nyumba ya Mama Sifa ilikuwa humo humo. Watoto wote walikuwa wamekaa kwenye mstari ukutani, Riziki wa kwanza, mgongo wake umeshikwa na bibi yake. Mama alikata kona ya pakiti akampa. Riziki alifyonza kidogo. Kisha, kwa mkono mwembamba ule, akaipitisha kwa pacha wa kwanza wa Mama Sifa. Pacha akafyonza, akapitisha. Ilikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, na wa mwisho akaigeuza ndani nje akailamba mpaka ikang'aa. Hakuna aliyenyang'anya. Hakuna aliyelia. Ulikuwa mstari mzuri wa watoto wenye adabu kuliko wote niliowahi kuona, na mwenye adabu kuwashinda wote alikuwa anakufa.

"Mama," nilisema, "hii ni dawa ya Riziki peke yake."

"Najua, Papa. Miye namupa. Yeye njo anatoa."

Bibi yake, mama mkwe wa mama huyu, alinijibu bila kuniangalia. "Nani alimuzaa mutoto wa kula peke yake mbele ya wengine? Kwetu hapa, mutu anayekula nyuma ya mulango uliofungwa, tunajua ni mutu wa namna gani."

Na mimi nilijua. Huku kwetu kila mama anapika kwake, lakini wanaume wanakula pamoja kwenye barza, chini ya paa moja lisilo na kuta, kila sahani inatoka nyumba yake na mikono yote inaingia. Watoto nao wanakula hivyo hivyo uani. Anayekula kwa kujificha anasemwa kuwa mchoyo, na watu wakianza kusema mchoyo, neno la pili si mbali, nalo ni uchawi. Tulikuwa tunamwambia mama asiye na mume nyumbani amfundishe mwanawe kula kwa kujificha.

Hata hivyo Titulaire alijaribu, na simlaumu. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Mama afunge mlango, mtoto ale, kisha afungue. Mama alifunga. Watoto wa uani walikaa nje ya mlango, hawakufanya ubaya, walikaa tu wakiita, "Riziki, toka, tunakungojea." Riziki ndani akalia, akafunga mdomo, hakutaka hata tone. Siku chache baadaye mama alikuja kituoni akaweka pakiti zote juu ya meza.

"Zichukueni," alisema. "Riziki nitamuomba kwa Mungu. Lakini majirani wangu njo hawa, sina wengine."

Wakati huo huo ilifika habari kutoka kwa daktari mkuu wa zone ya afya. Alikuwa ameona kwamba watoto wa Wamaza wanapewa pakiti na hawaongezeki, siyo Riziki tu, wengi. Atakuja kuona mwenyewe, na kama pakiti zinapotea, atazipeleka kwa watoto wa vijiji vya mbele zaidi ambao bado hawana hata moja. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningemwandika kwa urahisi. Watoto wa mbele walikuwa watoto pia.

Siku ya kupima Titulaire aliwaeleza wamama wote, wa kijani na wa nyekundu, bila kuficha. Alisema Riziki anaweza asifike mvua ijayo. Alisema pakiti zinaweza kuondoka. Kisha sauti yake ndefu ilikatika, akakaa.

Mama Riziki alikuwa nyuma kabisa, ameinamisha uso.

Aliyesema kwanza ni Mama Sifa, na alisema kwa hasira. "Kwa nini munatuangalia sawa tumeiba? Wanangu hawakuomba. Mutoto akipewa na mwenzake akatae, hiyo itakuwa adabu ya wapi? Na asubuhi wako na njaa, wote. Siye hapa tunapika jioni. Asubuhi hakuna kitu ndani ya mudomo. Unaleta karanga tamu mbele ya midomo mitupu, kisha unasema musiguse. Midomo hiyo ipeni kitu kwanza."

"Sina cha kuipa, Mama Sifa," alisema Titulaire. "Hii ni ya wekundu."

"Nimesema ni weye utatoa? Miye niko na unga."

Alisema kwa ukali, kama mtu anayetukana. Ilichukua muda kidogo watu wote kuelewa kwamba alikuwa ametoa unga.

Mwanamke mwingine akasema ana karanga. Mwingine ndagala kavu, yaani dagaa, za kutwanga. Mawese hayakosekani Wamaza. Mmoja akasema hana kitu kabisa, na Mama Sifa akamwambia, "Uko na mikono, utachota maji, ao maji yanakuja yenyewe?" Sufuria kubwa ilikuwa ya wamama wa kanisa, ile ya harusi na ya kilio. Kuni waliahidi wamama wa upande wa msikiti, na walibishana kidogo nani atakoroga, maana kila upande ulijua upande wa pili unaunguza.

Titulaire alinitazama. "Papa Kijiti, hii iko ndani ya programu?"

"Sijaisoma mahali, Mama Titulaire. Wala sijasoma mahali kwamba haiko."

"Basi tukoroge kwanza," alisema, "tutaulizwa kisha."

Asubuhi ya kwanza ya sufuria nilikuwa uani kabla uji haujaiva. Sisi tunauita bui. Ulikuwa mzito, una rangi ya mawese, una harufu ya karanga na ndagala, na watoto wote, kijani na njano na nyekundu, walipewa. Mama Riziki alikata kona ya pakiti, safari hii hapo hapo nje, mbele ya watu, mlango wazi. Riziki alifyonza kidogo. Kisha, kama kawaida yake, akanyoosha mkono kwa pacha wa Mama Sifa.

Pacha alikuwa na mdomo umejaa bui mpaka mashavu yamevimba. Aliiangalia pakiti. Akatikisa kichwa. Akausukuma mkono wa Riziki urudi alikotoka, kwa kiganja kichafu cha bui, akasema kitu ambacho hakuna mtu alimfundisha: "Kula yako. Miye niko na yangu."

Riziki akala. Akaimaliza yote, akaigeuza ndani nje akailamba kama alivyoona wenzake wakifanya. Bibi yake, yule aliyenijibu bila kuniangalia, alipiga vigelegele kana kwamba kuna bibi harusi, na Mama Sifa akamwambia apunguze, atawashitua kuku.

Daktari mkuu alifika majuma kadhaa baadaye kwa pikipiki, suruali tope mpaka magotini. Aliikuta sufuria motoni, hatukuificha. Aliuliza maswali mengi, na kwa haki yote maswali yake yalikuwa mazuri.

"Mwezi ambao karanga zimekwisha mutafanya je?"

Titulaire akajibu: "Tutakuwa na shida, Docteur."

"Na kijiji ambacho watu wamekimbia mashamba? Huko niwaambie wakoroge nini?"

"Huko hawana cha kukoroga, Docteur. Huko pakiti njo kila kitu."

"Na huyu mwenye watoto wanono anaingia hapa kwa nini? Sufuria ni ya wagonjwa ao ya wote?"

Mama Sifa alikuwa anakoroga. "Ya wote," alisema. "Pakiti njo ya wagonjwa. Wanangu wakikula hapa, hawaangalie mukono wa mugonjwa. Docteur, umekula asubuhi?"

"Bado."

"Njo maana unauliza sana." Akampa sahani.

Foleni nzima ilishika mdomo. Daktari aliangalia sahani, akakaa kwenye benchi kati ya watoto, akala. Alipomaliza aliomba mkanda. Hakutaka mkanda wangu, alitoa wake mfukoni, na alifanya vizuri, maana kazi ni kukagua. Alimwita Riziki. Riziki alikwenda kwake kwa miguu yake mwenyewe, akiyumba, akijishika kwenye magoti ya watu. Daktari alizungusha mkanda, akavuta polepole, akaangalia kidirisha. Akavuta tena kutoka mwanzo.

"Njano," alisema.

Alipima watoto wengine, mmoja mmoja. Wengine walikuwa bado wekundu, sitaki kupamba, na mmoja ilibidi apelekwe hospitali Kasongo. Lakini wengi walikuwa wamepanda. Mwisho alimwambia Titulaire, "Pakiti zinabaki. Sufuria sitaiandika, maana sijui niiandike wapi. Lakini musiizime." Mama Riziki alisikia, akafunga kitenge vizuri kiunoni, na wamama walicheza pale mbele ya kituo mpaka dereva wa daktari naye akaingia. Daktari alisema hajui kucheza. Tuliona kwamba ni kweli.

Nimestaafu sasa. Goti langu la kulia halitaki tena kusukuma pikipiki ya mtu. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi wanataka niwaambie lipi ni la haki, kutoa kwa wote au kumtafuta mwenye shida. Wengine wamesoma sana na wana maneno mazuri ya pande zote mbili. Jioni nafungua daftari langu kuandika jibu, naandika, kesho yake nasoma, naona nimemsahau mtu. Nikiandika wote, nawakumbuka wa bondeni Kasongo ambao vyandarua havikuwafikia. Nikiandika wenye shida tu, namwona yule mkwe kwenye mkeka. Sufuria tulijaribu kuipeleka kijiji kingine mbele ya Wamaza, ambako mashamba yalikuwa yameachwa, na haikuchemka hata mara moja. Huko pakiti peke yake ndiyo iliyookoa. Kwa hiyo msinikamate kwa neno moja. Ninachoweza kusema ni kidogo: kabla ya kuweka kitu mkononi mwa mmoja, angalia midomo iliyokaa karibu naye.

Nilipoaga kazi, Wamaza waliniita. Nilikwenda taratibu, nusu kwa pikipiki, nusu kwa goti. Mama Sifa amezeeka na bado anaongea na foleni nzima. Sufuria ilikuwa ile ile, imeongezwa mkono mpya upande mmoja. Aliyekuwa anagawa ni msichana mrefu. Kwa kijiti changu, vinne bila ubishi. Alikuwa Riziki. Anamaliza sekondari, na siku za kupima anamsaidia Titulaire mpya.

Aligawa kwa kijiko kimoja kikubwa, kila mtu kijiko kimoja, wazee, watoto, mimi. Kisha aliniangalia, akatoa mkanda mfukoni, akaushika mkono wangu wa kushoto. Mkanda ni wa watoto, haukutosha kuuzunguka mkono wangu, lakini alijifanya anasoma kidirisha kwa makini, kama mimi zamani.

"Papa Kijiti," alisema, "umekonda. Uko mwekundu."

"Mutoto, usinicheke. Nipe sawa na wote."

"Sawa na wote nimeshakupa, iko ndani ya sahani." Alichota kijiko cha pili, akakimwaga juu ya kile cha kwanza. "Hii njo yako."

Niligeuka kuona kama kuna atakayelalamika. Walikuwa wengi kwenye mabenchi, na watoto kwenye mstari ukutani. Hakuna aliyeniangalia. Wote walikuwa wanakula.